Ukubwa wa Mtufaha Huamuliwa na Shina la Chini

Ifuatayo ni mada iliyotolewa kwa wakulima wa maeneo ya juu wakati wa mafunzo ya nyanjani kuhusu miti ya matunda. Inachapishwa hapa kwa manufaa ya wakazi ambao hawakupata nafasi ya kuhudhuria.



Mkulima anayetaka kupanda mitufaha akifika kwenye kitalu huuliza maswali mawili: "Hii ni aina gani?" na "Mche ni pesa ngapi?" Yote mawili ni maswali mazuri. Lakini lipo la tatu ambalo ni wachache wanaoliuliza, nalo ndilo litakaloamua iwapo mti huo utamfaa kwa miaka 20 ijayo au utamsumbua. Swali lenyewe ni hili: "Mche huu umepandikizwa juu ya shina gani?"

Mada ya leo ni kuhusu swali hilo la tatu. Wakulima wengi wa maeneo ya juu wana nusu ekari, robo ekari au chini ya hapo, na ardhi hiyo hiyo inabeba nyumba, ng'ombe, viazi na sukuma wiki. Mtu wa namna hiyo hana nafasi ya mti unaotanda kama mgumo. Anahitaji mti mfupi, unaozaa mapema, ambao mama au kijana anaweza kuuvuna akiwa amesimama chini.

Miti miwili ndani ya mmoja

Mtufaha ulionunuliwa kitaluni, ukitazamwa kwa makini, ni miti miwili iliyounganishwa. Sehemu ya juu, yenye matawi, majani na matunda, ilitokana na kijiti kilichokatwa kwenye mti wa aina inayojulikana. Sehemu ya chini, yenye mizizi na kipande kifupi cha shina, ilitokana na mti mwingine kabisa. Mahali zilipokutana huonekana kama kovu au uvimbe mdogo. Katika mada hii mahali hapo panaitwa kiungo, na sehemu iliyo chini yake inaitwa shina la chini.

Neno kupandikiza nalo lina maana mbili katika mazungumzo ya kila siku. Hapa halimaanishi kuhamisha mche kutoka kitaluni hadi shambani. Linamaanisha kuunga kijiti cha mti mmoja juu ya shina la mti mwingine mpaka vishikane na kuwa kitu kimoja.

Kwa nini mitufaha hupandikizwa? Sababu ya kwanza ni kwamba mbegu ya tufaha haizai mti unaofanana na mama yake. Mtu akila tufaha tamu lililotoka Afrika Kusini, kisha akapanda mbegu zake tano, atapata miti mitano tofauti. Huenda yote ikazaa matunda madogo na machachu. Njia ya kuwa na uhakika wa tunda ni kuchukua kijiti kutoka kwa mti wenyewe.

Sababu ya pili ndiyo kiini cha mada hii. Aina ya tunda huamuliwa na sehemu ya juu, lakini ukubwa wa mti huamuliwa kwa kiasi kikubwa na sehemu ya chini. Vijiti viwili vilivyokatwa kwenye tawi moja, kimoja kikiungwa juu ya shina dogo na kingine juu ya shina lenye nguvu, vitatoa matufaha ya aina moja. Hata hivyo, mti mmoja utaishia kimo cha mtu na nusu, na mwingine utapita paa la nyumba.

Hapa ndipo wengi hupotea. Wakulima wa kaunti za milimani wanafahamu upandikizaji kupitia parachichi na maembe. Wameona mparachichi wa Hass uliopandikizwa ukizaa mapema kuliko ule wa mbegu, wakahitimisha kwamba mti wowote uliopandikizwa huwa mfupi. Sivyo. Mche wa mtufaha uliopandikizwa juu ya shina lililoota kutokana na mbegu utakuwa na nguvu nyingi karibu sawa na mti wa mbegu. Kupandikiza peke yake hakufupishi mti. Kinachoufupisha ni shina lililochaguliwa.

Kwa nini kimo ni suala la pesa

Chukua mfano wa majirani wawili, kila mmoja akiwa na robo ekari, yaani takriban mita mraba 1,000. Wa kwanza amenunua miche iliyopandikizwa juu ya mashina ya mbegu. Miti hiyo inaweza kufika mita 6 hadi 9, kwa hiyo kila mmoja unahitaji nafasi ya mita 8 kwa 8. Robo ekari itachukua miti 15 tu, na huenda akangoja miaka 6 hadi 10 kabla ya kuona mavuno ya maana.

Jirani wa pili ameuliza swali la tatu, akapata miche iliyo juu ya shina la ukubwa wa kati. Anaipanda kwa nafasi ya mita 4 kwa 4, na shamba lake linabeba miti 62. Kufikia mwaka wa tatu au wa nne, anaanza kuonja matunda. Mtoto aliyekuwa darasa la kwanza miti hiyo ikipandwa atakuwa bado shule ya msingi mavuno yakianza kuingia sokoni. Mtoto wa jirani wa kwanza huenda akaingia sekondari kabla mti haujalipa chochote.

Tofauti haiishii kwenye idadi ya miti. Mtufaha unahitaji kupogolewa, kupunguzwa matunda machanga yakisongamana, na kukaguliwa wadudu na magonjwa mara kwa mara. Mti wa mita 3 hufikiwa kwa mkono au kwa ngazi fupi. Mti wa mita 8 haufikiki kwa bomba la kawaida la kubeba mgongoni. Dawa huishia katikati, na ukungu hubaki kileleni ukisubiri mvua ushuke tena. Wanaosema kupanda mchongoma kushuka ndio ngoma wanaelewa jambo lingine pia: kila msimu wa mavuno kuna watu wanaoanguka kutoka kwenye miti mirefu ya matunda. Mguu uliovunjika hugharimu kuliko kreti kadhaa za matufaha.

Mashina haya yalitoka wapi

Mashina yanayofupisha mtufaha si uvumbuzi wa jana. Bustani za Ulaya zilikuwa na mitufaha midogo kwa karne nyingi, na mashina yake yaliitwa Paradise. Tatizo lilikuwa kwamba jina hilo moja lilitumika kwa mashina mengi yasiyofanana. Mkulima angeagiza miche midogo, halafu nusu ya shamba lake ikawa ya miti mikubwa.

Mapema katika karne ya 20, kituo cha utafiti cha East Malling katika jimbo la Kent, Uingereza, kilianza kukusanya mashina hayo kutoka vitalu mbalimbali na kuyatenganisha. Kazi hiyo iliongozwa na mtaalamu Ronald Hatton. Kila shina lililothibitishwa kuwa la aina moja lilipewa namba, na ndiyo maana leo mkulima husikia majina kama M9. Herufi M inasimamia Malling.

Baadaye kituo hicho kilishirikiana na taasisi ya John Innes, iliyokuwa Merton, kutafuta mashina yanayostahimili vidukari wa mtufaha. Hawa ni wadudu wanaojifunika nyuzi nyeupe kama pamba na kufyonza matawi na mizizi hadi ikavimba mafundo. Watafiti walitumia aina ya tufaha iitwayo Northern Spy, ambayo hustahimili wadudu hao, na wakapata mashina yanayoanza na herufi MM, yaani Malling na Merton. Mawili kati ya hayo, MM106 na MM111, yamesambaa katika nchi nyingi duniani.

Jambo moja la kukumbuka: namba hizo hazifuati ukubwa. M27 ni dogo kuliko M9, ilhali M25 ni miongoni mwa yale makubwa kabisa. Muuzaji akisema "hii ni namba kubwa, kwa hiyo mti ni mkubwa," hajui anachouza.

Shina dogo hufanya nini

Mti hukua kwa mazungumzo kati ya ncha za matawi na mizizi. Ncha za matawi hutengeneza homoni ya ukuaji, nayo hushuka kupitia ganda hadi mizizini. Mizizi ikiipata hukua, na kwa malipo yake hupeleka juu maji, chumvichumvi na homoni nyingine inayochochea machipukizi. Ganda la shina dogo hupitisha homoni hiyo kwa uchache. Mizizi hupata kidogo na hukua kidogo, kwa hiyo hupeleka juu kidogo pia.

Mti unaopokea hivyo huacha kurefusha matawi mapema na kuanza kutengeneza macho ya maua. Matunda yakishaanza, yenyewe hula chakula ambacho kingeenda kwenye mbao. Ndiyo sababu mti mfupi na mti unaozaa mapema aghalabu ni mti huo huo mmoja.

Hii inaeleza pia kwa nini panga si dawa ya mti mrefu. Mkulima mwenye mti uliopandikizwa juu ya shina lenye nguvu anaweza kuukata kila mwaka, lakini mizizi iliyo chini haijapungua. Mti hujibu kwa kutoa fimbo ndefu zilizosimama wima, zenye majani mengi na bila ua hata moja. Samaki hukunjwa angali mbichi, na kimo cha mtufaha huamuliwa kitaluni.

Shina lipi kwa shamba lipi

Vipimo vifuatavyo vilitokana na mashamba ya nchi zenye majira ya baridi. Hapa nchini udongo, maji na aina ya tufaha vinaweza kuvibadilisha kidogo, lakini mpangilio wa dogo hadi kubwa hubaki ule ule.

M9: Mti hufika mita 2 hadi 3 na huanza kuzaa mwaka wa pili au wa tatu. Mizizi yake ni michache na huvunjika kwa urahisi, kwa hiyo mti lazima ufungwe kwenye nguzo au waya maisha yake yote. Unahitaji udongo wenye rutuba, maji ya uhakika na palizi ya kila mara. Haustahimili vidukari wa mtufaha.

M26: Mti hufika mita 2.5 hadi 3.5. Ni mgumu kidogo kuliko M9, lakini nao unahitaji nguzo, na haupendi udongo unaotuamisha maji.

MM106: Mti hufika mita 3.5 hadi 4.5 na huanza kuzaa mwaka wa tatu au wa nne. Husimama wenyewe baada ya kushika mizizi, na hustahimili vidukari wa mtufaha. Adui yake ni maji yaliyotuama, kwani huozea shingoni, pale shina linapokutana na udongo.

MM111: Mti hufika mita 4.5 hadi 5.5 na huchelewa kidogo kuzaa kuliko MM106. Faida yake ni mizizi mipana inayostahimili ukame na udongo usio na rutuba nyingi. Nao hustahimili vidukari wa mtufaha.

Mtu anaweza kudhani kwamba kadiri mti ulivyo mdogo ndivyo ulivyo bora. Hesabu inaonyesha vingine. Kwa nafasi ya mita 1.5 kwa 3.5, robo ekari inaweza kubeba miti ya M9 karibu 190. Hiyo ni miche 190 ya kununua, nguzo na waya za kuishika, na mfumo wa kunyunyizia maji. Mwenye kisima, mtaji na soko la uhakika anaweza kufaidika. Anayetegemea mvua ataipoteza miti hiyo katika kiangazi kirefu cha kwanza.

Kwa mkulima mdogo mwenye udongo mzuri usiotuamisha maji, MM106 mara nyingi ni chaguo la busara. Kwa mwenye shamba la mteremko mkavu, MM111 ni salama zaidi, ingawa mti utakuwa mrefu kidogo. Iko pia njia ya tatu: kutumia mashina mawili kwa mche mmoja. Mizizi huwa ya MM111, kisha huungwa kipande cha M9 cha kama sentimita 15 hadi 20, na juu yake aina ya tufaha inayotakiwa. Mti hupata mizizi yenye nguvu chini, na kipande cha katikati huuzuia kurefuka. Mche wa namna hiyo huchukua muda mrefu zaidi kutayarisha, kwa hiyo bei yake huwa juu.

Jinsi ya kupandikiza

Kikundi cha wakulima au cha vijana kinaweza kujifunza kazi hii na kuifanya biashara. Huko Chencha, katika nyanda za juu za kusini mwa Ethiopia, wakulima wadogo hulima matufaha karibu na nyumba zao, na uuzaji wa miche iliyopandikizwa umewaletea mapato pamoja na matunda yenyewe.

Mashina ya chini hayapandwi kwa mbegu. Shina la mama lililothibitishwa hupandwa, likishika hukatwa karibu na ardhi, na machipukizi yake yakianza kurefuka hufukiwa kidogo kidogo kwa udongo laini au unga wa mbao. Kila chipukizi huota mizizi yake. Msimu unaofuata hukatwa na kuhamishiwa kitaluni. Kwa njia hiyo mashina yote hufanana na mama.

Shina likifikia unene wa penseli, liko tayari. Hatua ni hizi:

1. Kata kijiti kutoka kwa mti wenye afya, unaojulikana jina na uliokwisha kuzaa. Kiwe na unene sawa na shina, urefu wa sentimita 10 hadi 15, na macho matatu au manne. Kifunge kwa kitambaa chenye unyevu ili kisikauke.

2. Safisha kisu kwa spiriti kabla ya kila mti. Magonjwa ya virusi husafiri kwa kisu na kwa vijiti vya mti mgonjwa.

3. Kata shina kwa mshazari, sentimita 20 hivi kutoka ardhini. Mkato uwe laini, wa urefu wa sentimita 3 hadi 4, kwa mvuto mmoja wa kisu. Kata kijiti vivyo hivyo upande wa chini. Kidole gumba kisiwe mbele ya makali.

4. Toa ulimi mdogo katika kila mkato, kisha sukuma kijiti ndani ya shina mpaka ndimi zishikane. Utando wa kijani ulio chini tu ya ganda ndio unaounga. Utando wa kijiti na wa shina lazima zigusane. Ikiwa kimoja ni kinene kuliko kingine, vilinganishe upande mmoja.

5. Funga kwa utepe wa plastiki, ukianzia chini kwenda juu, mpaka maji na hewa visiingie. Ziba ncha ya kijiti kwa nta.

6. Weka mche kivulini na umwagilie. Macho yakichipuka na kiungo kikishikana, kata utepe ili usiukabe mti.

Kosa linalorudisha kimo

Mkulima anaweza kununua mche sahihi, kwa bei ya haki, na bado akapata mti mrefu. Hili hutokea anapofukia kiungo.

Kijiti cha juu kikigusa udongo wenye unyevu kwa muda, huota mizizi yake chenyewe. Mizizi hiyo ni ya aina ya tufaha, na haina kizuizi chochote. Ikishika, shina la chini huwa halina kazi tena. Mti huanza kukua kana kwamba haukupandikizwa, na pesa iliyolipiwa shina dogo imepotea.

Kwa kawaida kosa hilo halitokani na uzembe. Mkulima anachimba shimo la sentimita 60, analijaza mbolea ya samadi na udongo uliolegea, anapanda vizuri. Baada ya mvua mbili, udongo unashuka na mche unashuka nao. Halafu katika palizi, kwa mazoea ya viazi na mahindi, anapandisha udongo kwenye shina. Kiungo kinapotea chini ya ardhi.

Dawa ni rahisi. Jaza shimo wiki kadhaa kabla ya kupanda ili udongo utulie. Panda mche kiungo kikiwa sentimita 10 hadi 15 juu ya ardhi. Samadi na nyasi za kufunika udongo zisiguse shina. Kila baada ya palizi, hakikisha kovu la kiungo linaonekana kwa macho. Likiwa limefukiwa, fukua polepole na ukate mizizi yoyote iliyoota juu yake.

Upande wa pili wa jambo hilo ni machipukizi yanayotoka chini ya kiungo. Hayo ni ya shina, si ya tufaha lililonunuliwa. Yang'olewe yakiwa machanga. Yakiachwa, yatanyang'anya sehemu ya juu chakula, na mkulima atashangaa mti wake umebadilika.

Kuusaidia mti ubaki mdogo

Shina likiwa sahihi, kazi inayobaki ni nyepesi. Matawi machanga yafungwe kwa kamba au kutegwa kwa vijiti ili yalale mshazari badala ya kusimama wima. Tawi lililolala hutoa maua mapema, na lililosimama hutoa mbao. Mbolea yenye naitrojeni nyingi isizidishwe, kwa maana huamsha majani na kuchelewesha matunda. Katika mwaka wa kwanza, matunda yaondolewe ili mti ujenge mwili.

Kuna jambo linalohusu nchi za joto pekee. Mtufaha wa Ulaya huangusha majani wakati wa baridi, hupumzika, kisha huamka na kuchanua kwa pamoja. Hapa Kenya hakuna baridi ya kutosha kuulaza, hata katika maeneo ya juu. Ndiyo maana huchaguliwa aina zisizohitaji baridi nyingi, kama Anna, iliyopatikana Israeli, na Dorsett Golden, iliyotoka Bahamas. Hizi mbili hupandwa pamoja kwa sababu huchavushana.

Katika mji wa Batu, Java Mashariki nchini Indonesia, wakulima hutumia mbinu ya kuondoa majani kwa mkono baada ya kuvuna. Mti hulazimika kuchipua upya na kuchanua, na huvunwa mara mbili kwa mwaka. Mbinu hiyo inaweza kufaa nchi nyingine za joto zenye milima, lakini ina sharti moja: mikono lazima iyafikie majani yote. Mwenye mti wa mita 3 atamaliza kazi akiwa chini. Mwenye mti wa mita 8 hawezi.

Kabla ya kutoa pesa

Kwa hiyo mkulima anayekwenda kununua miche aende na maswali haya:

Kwanza, aina ya tufaha ni ipi, na inahitaji aina gani nyingine ya kuchavushana nayo?

Pili, shina la chini ni lipi kwa jina na namba? Jibu la "ni ya kupandikizwa tu" halitoshi.

Tatu, shina hilo lilizalishwa kwa mbegu au kwa kufukia machipukizi ya mama?

Nne, kiungo kiko wapi? Mwenye kitalu akionyeshe kwa kidole. Kiwe kimepona vizuri, bila ufa wala utepe uliokaba.

Tano, je, kitalu kimesajiliwa na Kurugenzi ya Mazao ya Bustani, HCD? Risiti iandikwe aina ya tufaha na jina la shina, si "miche ya matunda" peke yake. Miti ikija kuwa tofauti na ilivyoahidiwa, karatasi hiyo ndiyo ushahidi.

Na kwa wenye jamaa walio nje ya nchi: vijiti na mashina havibebwi kwenye begi. Sheria inataka kibali kutoka KEPHIS kabla ya kuingiza mmea wowote nchini. Kijiti kimoja chenye ugonjwa kinaweza kuharibu mashamba ya kijiji kizima.

Mkulima ambaye tayari ana mitufaha na hajui iko juu ya shina gani aanze leo jioni kwa kuitazama. Atafute kiungo. Kikiwa chini ya udongo, akifukue. Asipokiona kabisa, au mti ukizidi kurefuka bila kuzaa, afike katika ofisi ya kilimo ya wadi yake na kueleza. Miti mingine inaweza kuokolewa, na mingine ni afadhali iondolewe mapema nafasi yake ichukuliwe na mche unaojulikana, kabla miaka mingine mitano haijapita.